JE, MANENO YALIYOMO KWENYE SIMU YANA UZITO?

Natumai umeketi mahali penye hewa, maana jambo ninalotaka kukueleza lahitaji kichwa kilichopoa. Ni swali ambalo nilipoliuliza darasani mwezi wa Januari, Kidato cha Tatu kizima kiliangua kicheko mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Swali lenyewe ni hili: ukijaza simu picha, nyimbo na video, je, simu inaongezeka uzito? Na ukivifuta, inapungua?

Kabla nawe hujacheka, ngoja nikwambie swali hili lilikotoka.

Tulipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutuma nyumbani tukakusanye fasihi simulizi. Mimi nilikwenda kwa babu, mzaa mama, aliyekuwa mvuvi hapa Kilifi tangu ujana wake. Nilichukua simu ya mama, nikaketi naye chini ya mkorosho jioni tatu mfululizo. Nilipata rekodi tano: ngano mbili, vitendawili, wimbo wa kuvuta nyavu, na habari za jinsi alivyokwenda Malindi kwa miguu kutafuta kazi. Jioni ya mwisho babu aliitazama ile simu, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, maneno yangu yote haya yameingia humo? Si kidude hicho kitakuwa kizito?" Nikacheka, nikamwambia, "La, babu, hakibadiliki." Lakini kusema kweli sikujua kwa nini hakibadiliki. Nilijibu tu kwa sababu ndiye mimi niliyekuwa na simu mkononi.

Babu alifariki mwezi wa Agosti mwaka huohuo.

Likizo ya Desemba ilipofika, mama alinipa simu yake akasema, "Hii simu imekuwa nzito, hebu nipunguzie." Msomaji, unajua tunavyosema. Simu nzito ni ile unayoibonyeza nayo ikakaa inafikiri kama punda aliyefikishwa darajani. Basi nikaketi, nikaanza kufuta. Nilifuta picha za mnada wa mbuzi, nyimbo zilizojirudia, na faili kadhaa ambazo majina yake yalikuwa nambari tupu. Zile za nambari tupu ndizo zilizokuwa sauti ya babu. Nilikuwa nimejiahidi kuzinakili kwenye tarakilishi ya shule, ahadi ambayo niliiahirisha kila Ijumaa hadi muhula ukaisha. Wiki moja baadaye tulikuwa na arusi ya binamu yangu, na mama akaipiga video arusi nzima kwa simu ileile.

Ndipo Januari, somo la Fizikia likiwa juu ya vipimo, nikainua mkono nikauliza: "Mwalimu, kitu kikifutwa kwenye memori kadi, kadi inapungua uzito?" Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kesho ije hiyo kadi."

Siku ya pili tuliingia maabara. Shule yetu ni ya kutwa na vifaa vyetu si vingi, lakini tuna mizani moja ya stima inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Mwalimu alitoa kadi yake mwenyewe, tupu, ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tukaipima: gramu 0.25. Akaitia kwenye tarakilishi, akaijaza video za masomo mpaka ikakataa kupokea zaidi. Tukaipima tena: gramu 0.25. Akapanguza vumbi la mizani, akapima mara ya tatu. Ni ileile 0.25.

Waliocheka jana wakasema, "Si tulikwambia!" Mwalimu akawauliza, "Mmeambiwa nini? Mizani hii haioni hata punje moja ya chumvi. Mmethibitisha tu kwamba tofauti, kama ipo, ni ndogo kuliko mizani yetu." Wakanyamaza. Kuanzia siku hiyo nilianza kusoma juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata. (Mwalimu husisitiza kwamba gramu hupima tungamo wala si uzito. Anisamehe, hapa nitasema uzito kama tusemavyo sokoni.)

Kwanza tujiulize, ndani ya kadi kunahifadhiwa nini? Wengi wetu hudhani simu ni kama gunia: ukitia kitu kinaingia, ukitoa kinatoka. Sivyo. Mfano bora niliouona ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wazee wakiwa katikati ya mchezo, adhana ikasikika, huinuka wakaliacha bao vilevile, na wakirudi wanaendelea pale walipoachia. Maana yake bao "limekumbuka" mchezo. Limekumbuka kwa nini? Kwa mpangilio wa kete, yaani hapa mbili, pale sita, kwingine hakuna. Sasa akija mtoto mtundu akazivuruga kete zote, kisha ukalipima bao, uzito ni uleule. Kete zote 64 zipo. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichovunjika, lakini mchezo umepotea, na mzee aliyekuwa anakaribia kushinda atakutafutia fimbo.

Habari zilizomo kwenye tarakilishi ziko hivyo. Kila herufi, kila sauti, kila rangi ya picha hugeuzwa kuwa msururu wa alama mbili tu, sifuri na moja. Alama moja huitwa biti, na biti nane hufanya baiti moja. Kadi ya gigabaiti 32 ina nafasi ya biti bilioni 256 hivi. Kadi tupu haikosi biti. Biti zake zote zipo, ila hazijapangwa kusema lolote. Unapoijaza huongezi kete, unazipanga tu.

Kete zenyewe zinategemea chombo. Katika diski ngumu za tarakilishi, biti ni vijipande vidogo vya sumaku, na kinachobadilika ni upande vinakoelekea. Ukiwageuza wanafunzi wa mstari wa asubuhi watazame mashariki badala ya magharibi, hujaongeza mwanafunzi hata mmoja. Katika memori kadi na simu zetu kuna ufundi mwingine, uliobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Humo mna vijumba vidogo mno, na kila kijumba kimezungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Elektroni zikisukumwa kwa nguvu hupenya ukuta na kunaswa ndani, na hapo hukaa miaka hata simu ikizimwa. Kijumba chenye elektroni husomwa sifuri, kisicho nazo husomwa moja.

Ahaa! Hapo utanikamata, msomaji. Utasema: elektroni si kitu? Si ina uzito? Naam, ina uzito. Ukiuandika kwa kilo utaweka sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 30, ndipo uandike 91. Hebu tupige hesabu ya kukisia. Tuseme nusu ya biti zile bilioni 256 zimejazwa elektroni, na kila kijumba kimenasa elfu moja. Hizo ni elektroni trilioni 128. Zikusanye zote uzipime: utapata karibu sehemu moja ya trilioni tisa ya gramu. Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimeshinda.

Lakini mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Hizo elektroni zimetoka wapi?" Nikakwama. Jibu ni kwamba hazikutoka nje. Zimetoka ndani ya kadi hiyohiyo, katika silikoni iliyo chini ya ukuta. Zilikuwa sebuleni, zimeingizwa chumbani. Familia ikihama kutoka sebuleni kwenda chumbani, nyumba haiongezeki watu. Hesabu yangu ya trilioni tisa ikafa papo hapo.

Basi ni sifuri kabisa? Hapa ndipo pananoga. Elektroni ile iliyonaswa haikwenda kwa hiari, imesukumwa kwa nishati, na sehemu ya nishati hiyo imebaki nayo, kama upinde uliovutwa ukafungwa kabla mshale haujatoka. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba nishati na tungamo ni kitu kimoja katika sura mbili: ukigawanya nishati kwa kasi ya mwanga iliyozidishwa kwa yenyewe, unapata tungamo lake. Kasi ya mwanga ni kama kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo unagawanya kwa namba ya kutisha na unabaki na karibu hakuna. Lakini karibu hakuna si sawa na hakuna. Upinde uliovutwa ni mzito kuliko uliolegea. Maji ya moto ni mazito kuliko maji yaleyale yakiwa baridi. Nayo kadi iliyoandikwa ni nzito kuliko tupu.

Kwa kiasi gani? Mwaka 2011 profesa wa tarakilishi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, John Kubiatowicz, aliulizwa swali hilo na gazeti la New York Times kuhusu kile kifaa cha kusomea vitabu kiitwacho Kindle. Alikadiria kwamba kifaa chenye nafasi ya gigabaiti nne, kikijazwa vitabu, huongezeka kama gramu moja iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kila kipande kikagawanywa tena kwa bilioni. Kadi yetu ni kubwa mara nane, basi na tuzidishe kwa nane. Bakteria mmoja wa kawaida wa tumboni ana uzito wa kama sehemu moja ya trilioni ya gramu. Maana yake bakteria huyo ni mzito kuliko maktaba nzima iliyomo kwenye kadi, tena kwa mara zaidi ya laki moja. Ukiishika kadi kwa kidole chenye jasho umeongeza uzito mwingi kuliko utakaoongeza kwa kuijaza maisha yako yote.

Tena kuna jambo lililonichekesha. Betri ya simu ya kawaida ikijaa chaji huwa imebeba nishati ya kama jouli 55,000. Kwa kanuni ileile ya Einstein, simu iliyojaa chaji ni nzito kuliko iliyozimika kwa chaji, na tofauti hiyo ni makumi ya mamilioni ya mara zaidi ya ile inayoletwa na faili. Kwa hiyo anayetaka simu nyepesi asifute picha, aache tu betri iishe! Nilimwambia mama hivyo, akaniambia niende nikachote maji.

Si vyombo vyote vinavyoongezeka hata hivyo. Zamani habari za tarakilishi ziliandikwa kwenye kadi za karatasi ngumu kwa kutoboa matundu. Kadi ya IBM iliyoanza mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, yaani herufi 80 na si zaidi. Hapo kuandika ni kuondoa kipande, hivyo kadi yenye maneno ilikuwa nyepesi kuliko tupu! Kadi moja ina kama gramu mbili na nusu. Nilipiga hesabu: kuyaweka yaliyomo kwenye memori kadi moja ya gigabaiti 32 ungehitaji kadi milioni 400 za karatasi, na zingekuwa na uzito wa tani kama elfu moja. Malori mangapi hayo kwenye barabara ya Mombasa? Hata diski ya kwanza ya kuuzwa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilibeba herufi milioni tano tu, na mashine yake ilizidi tani moja kwa uzito. Herufi zikiwa ni zilezile, chombo kimetoka malori kikafika ukucha. Kwa hiyo mtu akisema habari ni nzito au nyepesi, muulize anazungumzia habari au mbebaji wake.

Sasa nirudi kwenye kufuta, maana ndiko kulikonipeleka kwenye swali hili.

Mwaka 1961 Rolf Landauer, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alionyesha kwamba kufuta biti moja kikwelikweli kuna gharama isiyoepukika: lazima kitoke kiasi fulani cha joto, hata kama mashine ni bora namna gani. Ni kiasi kidogo sana, lakini mwaka 2012 watafiti waliokuwa Lyon, Ufaransa, walikipima wakitumia chembe moja ya silika iliyoshikiliwa kwa mwanga, wakakuta Landauer alisema kweli. Yaani maneno hayapotei bure. Mwingine, Melvin Vopson wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, mwaka 2019 alikwenda mbali zaidi, akapendekeza kwamba biti yenyewe, mbali na chombo chake, ina tungamo lake. Hilo bado ni pendekezo, hakuna aliyelithibitisha kwa kipimo, nami naliacha hapo.

Lakini neno ni hilo la "kufuta kikwelikweli". Unapobonyeza futa kwenye simu, mara nyingi hufuti kitu. Ndani ya kadi kuna orodha inayosema faili hii inaanzia kijumba fulani na ile kijumba fulani, kama yaliyomo mwanzoni mwa kitabu. Ukifuta faili, simu hulipiga kalamu jina lake kwenye orodha na kusema nafasi ile sasa ni huru. Kurasa zenyewe hazijachanwa. Elektroni bado zimekaa vijumbani mwao vilevile, mpaka siku utakapohifadhi kitu kingine na simu ikaamua kukiandika juu yake. Hapo ndipo mtoto mtundu anapovuruga bao.

Mwalimu alipomaliza kunieleza hayo aliiangalia kadi ya mama, iliyokuwa mkononi mwangu wakati wote huo, akaniuliza, "Tangu ufute, umeandika nini humu?" Nikasema: arusi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Itoe kwenye simu. Usihifadhi kitu tena, hata picha moja."

Jumamosi nilikwenda kwa fundi mmoja mjini. Aliitia kadi kwenye tarakilishi yake, akaendesha programu inayopita kijumba kwa kijumba bila kujali orodha, ikitafuta mahali panapoonekana kama mwanzo wa sauti au picha. Ilichukua saa mbili. Nilikaa kwenye kibao nikitazama mstari wa kijani ukitambaa. Picha za mnada wa mbuzi zilirudi zote, mbuzi kwa mbuzi, nami sikuzihitaji. Kisha zikaanza kutokea sauti.

Rekodi tatu zilirudi nzima: ngano zote mbili na wimbo wa nyavu. Ya vitendawili ilirudi nusu, babu anatega kitendawili, anasema "Kitendawili!", sauti yangu inajibu "Tega!", halafu unasikika mlio kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Hapo ndipo arusi ilipoandikwa. Safari ya Malindi haikupatikana kabisa. Nimejaribu kuiandika kwa kukumbuka, nikafikia kurasa mbili, lakini jina la mtu aliyempa babu chakula njiani limenitoka, na mama naye halijui.

Fundi alinitoza shilingi 500, ambazo nililipa kwa nauli yangu ya wiki mbili. Nilikuwa nikitembea kuja shule, na sasa mnajua kwa nini nilichelewa mara tatu mwezi wa Februari. Zile zilizopatikana ziko kwenye tarakilishi ya shule, kwenye simu ya shangazi, na kwenye kadi nyingine ambayo nimeiandika jina kwa kalamu ya wino. Simu ya mama bado ni nzito. Fundi aliitazama akasema tatizo halikuwa memori kadi hata kidogo, ni nafasi ya ndani ya simu iliyojaa, nami sikuwa nimeigusa.

Kadi ile ya kwanza ameiweka mwalimu kwenye kabati la maabara, karibu na mizani. Tuliipima kabla ya kwenda kwa fundi na baada ya kurudi. Anayebisha na aje Alhamisi baada ya mkutano wa chama, tutampimia.